Midomo inakata kabla muvumenti ya mwisho

SWALI: Mshauri habari. Nimeandika kipande cha muvumenti tatu, yaani sehemu tatu za muziki mmoja, kwa watu watano: tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba. Kwenye kompyuta kiko safi kabisa, ila rihasali tukifika muvumenti ya tatu mpiga tarumbeta wa kwanza noti za juu hazitoki tena, anasema midomo imekata. Halafu wenzangu wanasema ni nyimbo tatu zisizojuana. Nianze kurekebisha wapi?

JIBU: Hongera kwanza, kumaliza muvumenti tatu si kazi ndogo. Kompyuta haina midomo wala mapafu ndo maana haikukuambia kitu. Vyombo hivi sauti inatoka kwenye mtetemo wa midomo ya mtu, na misuli ile ikichoka hata uombe vipi noti ya juu haiji. Kwa hiyo chukua skoo yako, ile karatasi yenye noti za wote, pitia sehemu ya tarumbeta ya kwanza peke yake, paka rangi kila mahali anapopuliza, ukiona ukurasa mzima umejaa rangi basi ugonjwa umeshauona. Sisemi ushushe tu noti, hapana, mnyamazishe! Muvumenti ya pili ndo pa kumpumzishia: melodi mpe honi, au tuba, watu wanaisahau kila siku kumbe inaimba vizuri mno, ila nayo inakula pumzi nyingi kwa hiyo mpigaji wake mkatie melodi vipande vifupi avute hewa. Sikiliza kwinteti, yaani kipande cha wapigaji watano, ya mtunzi Mwingereza Malcolm Arnold ya 1961, nayo ina muvumenti tatu, na ile ya katikati ni shakone, yaani msingi mmoja unaojirudia huku mambo mengine yakibadilika juu yake. Umbo kama hilo linakuruhusu kuwapokezana wapigaji bila wimbo kusimama. Na watano wote wasipige muda wote jamani, wawili tu wakibaki wanaongea, wale wengine wakirudi utasikia tofauti.

Hilo la nyimbo tatu, usiongeze melodi mpya. Tafuta kitu kidogo kwenye muvumenti ya kwanza, tuseme ule mruko wa so kwenda do, kisha kwenye ya pili uvute polepole kwenye honi, na kwenye ya tatu ugeuze ushuke, do kwenda so, tromboni na tuba waugombanie kwa kasi. Msikilizaji huenda asijue kwa nini ila ataona ni familia moja. Ki nazo, yaani noti ya nyumbani ya kila muvumenti, zipange, ukitoka B flati ukaenda kwingine, mwisho rudi.

Kagua pia tromboni. Ile B flati ya mstari wa pili wa besi iko pozisheni ya kwanza, yaani mrija umerudishwa ndani wote, na B ya kawaida, nusu toni tu juu yake, kwa tromboni isiyo na triga (kile kitufe cha kuongeza urefu wa mrija) iko ya saba, mkono umenyooka wote! Ukiandika hizo mbili zikifuatana haraka unamtesa mtu bure. Na myuti, kile kizibo cha kufifisha sauti, acha sekunde kadhaa za kuiweka na kuitoa, anahitaji mkono.

Ukishapunguza, pigeni zote tatu mfululizo bila kusimama, mpiga tarumbeta akifika mwisho ana nguvu bado, hapo sasa mrudishie ile noti ya juu kabisa, moja tu, kwenye baa za mwisho.