Pamba Meza kwa Vitu Ulivyonavyo Ndani

Kabla hujatafuta kopo wala chupa, kaa kwenye meza utakayoipamba. Weka kiwiko juu yake, simamisha mkono, uangalie kifundo kinafika wapi. Hapo ndipo mwisho wa pambo lako. Kitakachovuka hapo kitawazuia wageni kuonana, na watu wasioonana mezani huishia kuongea na jirani wa kulia na wa kushoto tu. Nimeona kumbi zilizopambwa kwa gharama, vinara virefu na maua ya plastiki yamejazana katikati, na kitu cha kwanza walichofanya wageni baada ya kuketi ni kuliteremsha pambo chini ya meza ili wapate kuzungumza.

Kipimo cha pili ni upana. Meza nyingi za nyumbani zina upana wa sentimita 80 au 90, na sahani ya chakula inachukua kama 27. Ukipanga sahani mbili zinazotazamana na kuacha nafasi kidogo ukingoni, unabakiwa na sentimita 25 hivi katikati, na hizo hizo zinagombewa na hotpoti ya wali, bakuli la mchuzi, jagi na kachumbari. Basi jiulize mapema: chakula kitakaa mezani, au watu watainuka kupakua pembeni? Kama ni pembeni, una uwanja wa kutosha. Kama ni mezani, pambo liwe la kujibana, au liwe lenyewe lina kazi, mfano limebeba ndimu na pilipili. Na kama mnakula kwenye sinia, mmekaa mkekani, achana na haya yote. Mkeka mzuri wa ukindu uliotiwa rangi unatosha.

Mimi naishi Tanga, na mapambo ninayotengeneza ni ya shughuli za nyumbani: siku ya kupokea wakwe, ubarikio, kipaimara, Idi, Krismasi. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya shughuli iende jikoni kwanza. Mgeni atasahau rangi ya utepe, ila pilau ikipungua atakumbuka na atasimulia. Lakini meza nayo ina haki yake, kwa sababu ndiyo inayomwambia mgeni kwamba tulijua unakuja na tulikungoja. Haki hiyo inalipika kwa vitu ambavyo tayari vimo stoo na jikoni.

Kanuni ninayoishika kuliko zote ni kuchagua kitu kimoja na kukirudia. Chupa moja ya jamu mezani inaonekana imesahauliwa pale. Chupa sita za aina moja, zimepangwa mstari, zinaonekana zimekusudiwa. Watu wengi wakianza kazi hii huchukua kila walichonacho, kopo hapa, chupa ya kijani pale, kikapu kilichokatika mshikio, wakavitia rangi ya dhahabu ili vifanane. Rangi haivifananishi. Chagua aina moja ya chombo na rangi mbili tu, na uanze kukusanya mapema. Waambie wifi, shangazi na majirani kwamba chupa za jamu, za kahawa na za siagi ya karanga zisitupwe. Za soda za kreti ziache, maana zinadaiwa dukani.

Kwa watu wa pwani, chombo ninachokipenda kuliko vyote ni kifuu. Kila nyumba inayopikia nazi inavitupa au inavichochea moto. Waombe wanaopika wavunje nazi kwa utaratibu: kuishika kiganjani na kuigonga kwa mgongo wa panga katikati ya tumbo lake, huku wakiizungusha, mpaka ipasuke pande mbili zinazolingana. Ikikunwa kwenye mbuzi, nyama iliyobaki ikwangue kwa kijiko mpaka iishe kabisa, kwa sababu kipande kidogo tu kikibaki kitachacha na kuita siafu. Anika kivulini siku kadhaa. Juani kali kifuu kinaweza kupasuka.

Halafu ndiyo inakuja kazi yenyewe. Nyuzi za nje zikwangue kwa kisu butu, kisha piga msasa, anza na wa namba 80 na umalizie na 240. Mwanzoni utaona vumbi la kahawia na michirizi, utafikiri unapoteza muda. Endelea. Ukifuta vumbi na kupaka mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa, rangi inabadilika hapo hapo mkononi mwako, inakuwa nyeusi ya kukolea yenye mishipa myembamba ya hudhurungi, na inang'aa bila vanishi. Wacha usiku mmoja, futa tena. Kwa kuwa ni mafuta ya kula, kifuu hicho unaweza kukiwekea tende, korosho au vipande vya ndimu bila wasiwasi.

Kuna jambo moja la kujua. Nusu mbili za nazi hazifanani. Moja ina yale macho matatu, na jicho moja kati yake ni laini, ndilo linalotokea chipukizi. Nusu hiyo huvuja. Ipe vitu vikavu. Nusu isiyo na macho ndiyo ya maji, na humo ndimo maua yataelea. Ili visibingirike, sokota kamba upate ngata ndogo, upana wa vidole vitatu, na kila kifuu ukikalishe juu ya ngata yake. Usiwashe mshumaa ndani ya kifuu. Kifuu ni kuni nzuri mno, na wapishi wetu wanajua inavyoshika moto.

Kamba nayo, kwetu Tanga, haina taabu. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mpaka leo kamba ya katani inapatikana sokoni kwa bei ambayo haimuumizi mtu. Rangi yake ya maziwa yaliyoungua inakubaliana na kifuu, na mbao, na kanga yoyote. Watu hupenda kuizungushia chupa nzima kuanzia chini hadi shingoni, na hapo ndipo wanapotumia kamba kuliko walivyotarajia. Piga hesabu: chupa yenye mzingo wa sentimita 22 na kimo cha sentimita 20, ukitumia kamba ya unene wa milimita 4, itataka mizunguko 50, yaani mita 11 kwa chupa moja. Zungushia theluthi ya chini peke yake. Utatumia karibu mita 4, na kioo kitakachobaki wazi kitapitisha mwanga, jambo ambalo ndilo unalolitaka kwenye kioo. Paka gundi ya mbao kwenye mzunguko wa kwanza, wa mwisho, na mmoja mmoja katikati. Ukitaka rangi, chemsha kamba kwenye maji yenye manjano ya jikoni kabla ya kuizungusha. Inatoka ya njano ya kupendeza, ingawa ikikaa juani inafifia, kwa hiyo ifanye karibu na siku ya shughuli.

Karatasi za chupa zinatoka kwa maji ya moto yenye sabuni. Gundi inayonata baada ya hapo ipake mafuta ya kula yaliyochanganywa na magadi, subiri nusu saa, sugua. Kopo au chupa iliyowahi kubeba rangi, dawa ya mbu au dawa ya shamba isiingie mezani hata ukiiosha mara kumi.

Sasa kanga. Kila nyumba ina kanga iliyochakaa katikati lakini pindo lake bado zima. Kanga ina urefu wa kama sentimita 150, na pindo la upande mrefu ukilikata na kulikunja kingo kwa cherehani unapata kitambaa chembamba cha kulaza katikati ya meza. Doti moja inakupa vinne. Kwa meza ndefu unganisha viwili, na ule mshono ufunikwe na kifuu cha kati. Kabla ya kukata, uliza. Kanga iliyolala sandukuni huenda ndiyo iliyombeba mtoto mgongoni, au ni ya marehemu bibi, na mwenyewe hajawahi kumwambia mtu. Nguo kama hiyo haiguswi na mkasi.

Ili kitambaa kilale vizuri na kisipeperushwe na feni, kitie wanga. Maji uliyochemshia mchele yanatosha: yachuje, yapoe, loweka kitambaa, kamua, anika, na upige pasi kikiwa na unyevunyevu, upande wa nyuma. Kwenye kanga nyeusi au nyekundu iliyokolea yazimue kwanza, yakiwa mazito yanaacha madoa meupe.

Na soma jina la kanga. Tulipokuwa tunajiandaa kupokea watu waliokuja kumposa binti wa dada yangu, vijana walitaka kutandika kanga nzima juu ya meza ya wazee, rangi yake nzuri sana, zambarau na nyeupe. Shangazi yetu alipita, akainama, akasoma: HASIDI HANA SABABU. Akawaambia, "Wanangu, hiyo ondoeni. Wakwe watakaa hapa wajiulize tunamsema nani." Ikatandikwa iliyoandikwa WEMA HAUOZI, maandishi yakielekezwa upande wa wageni. Nampa haki shangazi. Kanga inasema hata mwenyeji akinyamaza, na mama wa kwanza kuketi ataisoma kabla hajaonja maji.

Makopo yanataka uangalifu zaidi. Kopo la maziwa ya unga au la nyanya linafaa kuwa taa: unalitoboa kwa msumari kwa mpangilio wa nyota au wa maua, mshumaa ukiwaka ndani nuru inamwagika mezani kwa matone. Tatizo ni kwamba ukipiga nyundo kopo tupu linabonyea. Mwenye friza alijaze maji robo tatu, yagande, ndipo atoboe. Asiye na friza alishindilie mchanga mbichi mpaka juu. Kingo zilizokatwa na kikata kopo zigongwe kwa nyundo kuelekea ndani, ukipapasa kwa kitambaa kisinase. Kama nyumbani kuna watoto wadogo, chagua chupa na uachane na makopo.

Kwa mshumaa ndani ya chupa, weka mchanga mkavu kimo cha vidole vitatu, uchomeke mshumaa katikati. Mchanga unaushika, unaongeza uzito ili feni isiangushe chupa, na nta ikidondoka haigusi kioo. Mshumaa mrefu wa dukani ukate vipande viwili au vitatu kwa kisu kilichopashwa moto. Ncha yake ibaki chini ya mdomo wa chupa, na pindo la kanga, karatasi za kupangusia mikono na majani makavu vikae mbali. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, meza zako zitakuwa ndizo zenye mwanga.

Chupa za plastiki sizitumii. Najua wapo wanaozikata zikawa maua, wakazitia rangi, na kazi yao ni ya mikono kweli. Kwangu zinabaki plastiki machoni, na mshumaa ukiwa jirani ni hatari. Ninawapa vijana wanaookota na kuziuza kwa kilo, zinawasaidia zaidi wao.

Maua ni ya bure kama una ua au jirani mwenye moyo. Bogenvilia, ambayo karibu kila uzio unayo, inanyauka upesi ukiichomeka kwenye chupa, lakini yale majani yake ya rangi ukiyachuma na kuyaacha yaelee kwenye maji ya kifuu yanavumilia jioni nzima. Haibiskasi huchanua siku moja tu, ndani ya maji au nje, kwa hiyo ichume siku hiyo hiyo asubuhi. Mrihani unakaa vizuri na unanukia kwa adabu. Asumini naipenda kwa moyo wote, ila siiweki kwenye meza ya chakula, kwa sababu harufu yake inapigana na biriani na kuishinda. Iweke sebuleni, au wakina mama waichukue kwa vikuba vyao, vile vishada vya maua ya kunukia. Oleanda, ule mti wa maua ya pinki na meupe unaopandwa kando ya nyumba nyingi za pwani, usiulete kabisa karibu na chakula. Una sumu kuanzia mzizi hadi ua, na hata maji uliyoutia yana sumu. Mnyaa pia uache uzioni, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Panga meza saa mbili kabla ya wageni, siyo usiku wa jana yake. Maua yawekwe mwisho kabisa, baada ya kufagia na baada ya watoto kuogeshwa. Kisha kaa tena pale ulipokaa siku ya kwanza, kiwiko mezani, na mtu mwingine akae mbele yako mzungumze kidogo. Mkijikuta mnachungulia, punguza.

Shughuli ikiisha, maji yamwagwe usiku huo huo, maana kifuu kikilala na maji kinaota ukungu. Vioshe, vifute, vipake tena mafuta kidogo, uvipange kwenye boksi pakavu pamoja na ngata zake. Chupa zenye kamba zioshwe ndani tu, kamba ikilowa inabadilika rangi. Mchanga uchekeche, utoe nta, uuweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Seti yangu huwa inaazimwa kuliko inavyokaa nyumbani, na anayeiazima ninamkabidhi ikiwa kamili, ndoo ya mchanga pamoja, na ninamwonyesha vifuu vipi ni vya maji.