Bawaba za mfuniko wa sanduku la mchanga unaogeuka benchi

Ndugu uliyeuliza bawaba zikae upande gani ili mfuniko wa sanduku la mchanga la watoto kuchezea ukifunguliwa uwe benchi, siri iko katika kuzipishanisha. Kwa sanduku la sentimita 120, kila nusu ya mfuniko ina mbao 3 zenye upana pungufu kidogo ya sentimita 20: ya kwanza hukazwa kwa skrubu kwenye ukingo wa sanduku, ya pili huunganishwa nayo kwa bawaba za upande wa juu, na ya tatu huunganishwa na ya pili kwa bawaba za upande wa chini. Ukifungua, ya pili hulala juu ya ya kwanza ikawa kikalio, na ya tatu husimama kuwa egemeo. Wengi husahau kizuizi: mfuniko ukiwa umefungwa, kaza juu ya ubao wa tatu vipande viwili vya mbao vinavyopita kiungo chake na ubao wa pili kwa sentimita chache, ili egemeo likisimama viguse ukuta wa sanduku na kulizuia lisianguke nyuma. Bandika pia vipande vya mpira kwenye pembe za kikalio, kwa kuwa hapo ndipo vidole vya watoto hubanwa. Chini ya mchanga tandika kitambaa kinachopitisha maji, si plastiki, la sivyo mchanga utavunda.