Polisi wakija kupekua chumba chako: niliyoyaona nikiwa mjumbe wa mtaa

Mkuu, umeuliza kama kuna sheria yoyote inayomlinda raia dhidi ya serikali yenyewe, maana mpangaji mwenzako amepekuliwa usiku, simu na kompyuta vikabebwa, na hakuachiwa hata kipande cha karatasi. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema "nchi hii hakuna". Ipo. Ila imekaa kwenye karatasi hizohizo ambazo jirani yako hakupewa. Nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa upande wa Temeke, Dar es Salaam, kipindi cha 2014 hadi 2019, na mjumbe ndiye anayegongewa mlango polisi wakitaka shahidi wa upekuzi.

Tuanzie juu, haraka haraka. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia, maskani na mawasiliano yake binafsi. Haki hizi ziliingizwa 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Ibara hiyohiyo inasema sheria ndiyo itapanga namna na kiasi cha kuziingilia, na hapo ndipo inapoingia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Askari wa kawaida hana mamlaka ya kuamka tu akaja kupekua. Anatakiwa awe na hati ya upekuzi, au idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo, ambaye naye anapaswa kumtaarifu hakimu. Dharura ya kweli ina njia yake, lakini "tumepata taarifa" peke yake si dharura. Hati hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na kuzama, labda mahakama iruhusu saa nyingine. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na kitu chochote kikichukuliwa, inatolewa stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au ndugu yake, na za mashahidi kama walikuwepo.

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Kabla hawajavuka kizingiti nawaomba, kwa heshima, wakung'ute mifuko na kunionyesha mikono, isije ikasemwa kitu kimeingizwa nao. Askari wazoefu hawakasiriki, wengine hujikung'uta wenyewe hata sijasema, maana wanajua wakili atakuja kuuliza. Kisha nasimama mahali ninapoona mikono yao. Si mlangoni. Chumba cha kupanga unakijua: kitanda, ndoo ya unga, begi la nguo juu ya kabati. Wakipekua watatu kwa mpigo, shahidi mmoja anaona nini? Nawaomba waende pembe moja baada ya nyingine.

Ikifika kwenye kuandika, ndipo ugomvi. Kuna siku waliandika "simu moja nyeusi" wakanisogezea kalamu. Nikamwambia mama mwenye chumba abonyeze *#06#, namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu yenyewe, ikatokea, nikaomba iandikwe yote pamoja na ufa uliokuwa kwenye kioo. Afande alinuna, lakini aliandika. Simu nyeusi Dar es Salaam ziko ngapi? Bila namba, kitakacholetwa mahakamani kinaweza kuwa cha mtu yeyote, na kitakachorudishwa pia.

Tusidanganyane kuhusu udhaifu. Kwenye vifaa vya kielektroniki, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo kutoa amri ya kupekua na kukamata kifaa. Yaani kituo kinachokushuku ndicho kinachojiruhusu. Mimi hilo sijawahi kulikubali. Simu ya leo ina M-Pesa, picha za watoto na majibu ya hospitali, ilistahili saini ya hakimu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake, na inazihusu taasisi za umma pia. Ila masuala ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu yamewekewa msamaha, kwa hiyo usitegemee ikusaidie mlangoni saa nane za usiku.

Kinachosaidia ni mahakama, baadaye. Mahakama ya Rufani imeshafuta vielelezo kwenye kesi nzito kwa sababu upekuzi ulifanyika bila hati wakati dharura haikuwepo. Ndiyo maana namshauri jirani yako aandike leo, kabla hajasahau: saa waliyofika, walikuwa wangapi, nani alishuhudia, nini kilibebwa, IMEI kama boksi la simu bado lipo. Aende kituoni na ndugu au wakili, aombe stakabadhi kwa maandishi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakimzungusha, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo kwenye kata nyingi.

Kesi ya kikatiba Mahakama Kuu isiwe hatua ya kwanza. Marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na njia nyingine za kupata nafuu ziwe zimeshapitiwa; Mahakama ya Rufani iliyabatilisha masharti hayo 2025, lakini kuanza na njia hizo bado ni busara. Hiyo barua yenye muhuri ndiyo itakayokuwa kiambatisho chake cha kwanza.