"Give me a hand" si nipe mkono

Swali: Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni hapa Lamu. Nimenunua kwa simu orodha ya nahau 500 za Kiingereza zenye viungo vya mwili, na muuzaji anasema nikizihifadhi kwa mwezi mmoja nitazungumza kama Mwingereza. Juzi tulikosa kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Nikamwambia mgeni, "I am heartbroken." Akanishika bega, akanipa pole kama niliyefiwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aliyekosea kwanza ni huyo aliyekuandikia kwamba "heartbroken" ni kuvunjika moyo. Sisi moyo ukituvunjika tumekata tamaa: maji yamekupwa, mashua haipiti mikokoni, safari imeharibika. Kwao ni msiba, au mchumba ameondoka. Neno ulilolihitaji ni "disappointed", wala halina kiungo chochote ndani yake.

Orodha hizi naletewa kila msimu, na zinanikera. Mtungaji anaona moyo huku na moyo kule, anavifunga pamoja, anauza. Nilimwona kijana mmoja jetini hapo hapo Lamu. Mama wa kizungu, mguu mmoja botini, begi zito begani, anamwambia, "Give me a hand." Kijana akaupokea mkono kwa adabu zote, akautikisa, akauachia. Begi likaingia majini. Kwetu kumpa mtu mkono ni kumsalimu, kuagana naye, au kumpa pole ya msiba. Mama yule alikuwa akiomba msaada.

Na hata maana ukiipata, umbo halichezewi. "Cold feet", yaani kuingiwa na woga jambo likishakaribia, ni miguu miwili daima. "Pull my leg", kunitania, ni mguu mmoja tu. Ukiongeza wa pili, nahau imekufa na umebaki kuvutwa miguu kweli.

Wengine hutunga hata historia. Eti "an arm and a leg", yaani bei ya kuumiza, imetokana na wachoraji wa kale waliotoza ziada kwa kila mkono na mguu waliouchora. Si kweli. Msemo huo ulienea Marekani katika karne ya 20, na hao wachoraji hawahusiki kabisa.

Futa orodha hiyo. Nahau ichukue kwa mgeni mwenyewe anapoitamka, uandike na alichokuwa akikizungumzia. Tena usiwe na haraka ya kuitumia. Huku kwetu Malindi wageni wengi ni Waitaliano, na Kiingereza wamejifunza ukubwani kama mimi na wewe. Nimesikia vijana wa pwani wakiwarushia nahau za simu, na mgeni anaitikia kwa kichwa tu bila kuelewa bei wala safari. Huyo mwambie boti ni shilingi ngapi, na maji ya kufika Takwa yanajaa saa ngapi.