Mshale uko kwenye saba, mbona tunasema saa moja?

Maswali ya wasomaji kuhusu kumfundisha mtoto kusoma saa

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, yupo darasa la kwanza, na kuhesabu mpaka mia anaweza. Asubuhi nikimuuliza saa ngapi, anatazama saa ya ukutani na kujibu "saa saba". Nikimwambia ni saa moja, ananionyesha mshale, na kweli uko kwenye 7. Nimeishiwa maneno. Nimwambie nini?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Mwanao hajakosea, mama. Amesoma kilichoandikwa. Namba za saa ya ukutani zinahesabu kuanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, ilhali Kiswahili kinahesabu kuanzia jua kuchomoza na jua kuzama. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, ndiyo maana hesabu hiyo haijatupotosha. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa sita daima, na kwenye uso wa saa hatua sita ni nusu ya duara. Kwa hiyo saa ya Kiswahili inakaa mkabala na namba inayoonyeshwa na mshale: 7 inatazamana na 1, 8 na 2, 9 na 3, 10 na 4, 11 na 5, 12 na 6. Jozi ni sita tu.

Lakini usimwanzishie na maelezo hayo. Mwanzishie na saa yenye mshale mmoja. Chukua saa ya ukutani ya bei nafuu, toa betri, fungua kioo cha plastiki, kisha vuta mshale wa sekunde na baadaye wa dakika. Vuta kuelekea kwako moja kwa moja bila kupinda, kwa sababu imebanwa tu kwenye mhimili. Ubaki mshale mfupi peke yake, urudishe betri.

Sasa kata pete ya karatasi inayozunguka uso wa saa na uandike juu yake namba za Kiswahili kwa kalamu nyekundu: pembeni ya 7 andika 1, pembeni ya 8 andika 2, endelea hivyo mpaka pembeni ya 6 uandike 12. Mwambie mtoto asome nyekundu. Kwa wiki mbili hivi shughulikeni na saa kamili tu, zile anazoziishi: saa kumi na mbili ya kuamka, saa moja ya kwenda shule, saa nne ya uji, saa saba ya chakula cha mchana, saa mbili usiku ya kulala. Akizijua, muulize katikati ya saa. Mshale umeiacha 1 na haujafika 2, basi ni "saa moja na kitu". Wazazi wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ndogo mno. Tunawasihi msiiruke. Mtoto asiyejua kusema "imepita moja, haijafika mbili" ndiye atakayesumbuka na kasorobo mwaka unaofuata.

Pete isikae milele. Baada ya mwezi ziba namba nyekundu zote isipokuwa 12, 3, 6 na 9, na baadaye iondoe kabisa. Hapo gundisha kipande chembamba cha mrija wa soda nyuma ya mshale mfupi ili uwe na mkia unaoelekea upande wa pili. Kichwa cha mshale kinaonyesha namba iliyoandikwa, mkia unaonyesha saa ya Kiswahili.

Zipo familia zinazoigeuza saa yenyewe ili mshale usimame kwenye 1 ikiwa saa moja. Hatushauri. Saa za shuleni na stendi, na simu zote, zitampinga mtoto huyo kila siku.

SWALI: Nafundisha darasa la pili, wanafunzi 70. Mshale mrefu ukiwa kwenye 3 wanasema "dakika tatu". Nimeeleza mara nyingi. Vifaa vya saa sina, na fedha ya kununua haipo.
Mwalimu, Singida

JIBU: Maelezo hayatatosha, mwalimu, kwa sababu uso wa saa una namba za aina moja zinazofanya kazi mbili. Dakika lazima zionekane zenyewe. Kwa kadibodi za maboksi na karatasi za manila unaweza kutengeneza saa 18, moja kwa kila wanafunzi wanne.

Anza na utepe wa manila wenye urefu wa sentimita 61 na upana wa 2. Ile sentimita ya ziada ni ya gundi. Piga alama kila sentimita, kila ya tano iwe ndefu zaidi, na uandike 0, 5, 10, 15 mpaka 55 kwa kalamu ya bluu. Kila sentimita ni dakika moja. Kabla hujaukunja, ulaze mezani na darasa liruke nao kwa tanotano, kidole kikifuata. Utepe huo ukiunganishwa ncha kwa ncha unakuwa duara lenye kipenyo cha sentimita 19 na kidogo. Wanafunzi waone kwa macho yao kwamba 60 imerudi palepale kwenye 0.

Diski ya kadibodi ichorwe kwa msumari na uzi wa sentimita 9.5, nayo itaingia ndani ya utepe. Kupanga namba kumi na mbili ndiko kunakowashinda wengi: wakianza na 1 na kukadiria, wakifika 9 nafasi imekwisha. Fanya hivi. Chora mistari miwili inayokatana katikati ya diski kama msalaba, upate 12, 3, 6 na 9. Kisha chukua uzi uleule wa sentimita 9.5, shika ncha yake kwenye 12 na upige alama ukingoni kulia na kushoto: hizo ni 2 na 10. Kutoka 3 utapata 1 na 5, kutoka 6 utapata 4 na 8, kutoka 9 utapata 7 na 11. Zimeenea zote kwa nafasi sawa bila kupima pembe.

Mshale mfupi uwe wa sentimita 5, mnene, mwekundu, na namba za saa ziwe nyekundu pia. Mrefu uwe wa sentimita 9, mwembamba, wa bluu, ncha yake ikaribie utepe. Rangi inamwambia mtoto asome wapi. Ishikize kwa uzi mnene uliopita kwenye vifungo viwili vya shati, kimoja mbele na kimoja nyuma, ukazwe barabara. Ukilegea mishale itaanguka kwenye 6 kila unapoinua saa.

Tahadhari moja. Mishale ya kadibodi haivutani. Mwanafunzi ataweka mrefu kwenye 6 na kuuacha mfupi juu ya 7 kabisa, naye ataamini amepata 7:30. Kwenye saa halisi mfupi ungekuwa katikati ya 7 na 8. Tafuta hata saa moja halisi ya ukutani, zungusha kitufe cha nyuma polepole mbele ya darasa, na uwaulize mshale mfupi unafanya nini wakati mrefu unazunguka. Ndipo watengeneze upya kwenye kadibodi zao, na usimpe alama ya vema mwanafunzi aliyeusahau mshale mfupi.

SWALI: Binti yangu, miaka minane, anasoma vizuri mpaka nusu. Ikifika saa mbili kasorobo anasema "saa mbili na dakika arobaini na tano".
Baba, Tanga

JIBU: Anaona mshale mfupi umeikaribia mno 8, yaani saa mbili, anaichukua hiyo, halafu anaongeza dakika. Anazidisha saa nzima. Mfundishe kuuliza swali moja kabla ya yote: mshale mfupi umeshapita namba gani? Umepita 7, yaani saa moja. Basi ni saa moja na dakika arobaini na tano. Jibu hilo ni sahihi kabisa, na linafanana na 7:45 ya simu, hivyo mwache alitumie kwa majuma kadhaa. "Kasoro" ije mwisho, kwa swali la pili: zimebaki dakika ngapi ifike saa mbili? Na neno robo lisimpite hivihivi. Kata chapati vipande vinne juu ya uso wa saa ya kadibodi, kila kipande kifunike dakika 15. Watoto waliozoea shilingi mia hudhani robo ni 25.

SWALI: Shuleni wanafundishwa saa kwa Kiingereza, nyumbani ni Kiswahili. Je, tuache kimoja?
Mzazi, Kilifi

JIBU: Msiache. Mwambieni mtoto jambo hili, na mlirudie: dakika hazibadiliki. Robo ni robo, nusu ni nusu, dakika ishirini ni ishirini katika lugha zote mbili. Kinachobadilika ni namba ya saa tu. Kinachomvuruga ni mtu mzima anayesema "saa seven" au "saa saba asubuhi". Semeni Kiswahili kizima au Kiingereza kizima, na daima mtaje kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Saa mbili bila asubuhi au usiku ni nusu ya jibu.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka tisa ananishinda kwenye simu. Ikiandika 20:00 anasema saa mbili, sawa. Ikiandika 10:00 anasema saa moja. Tiketi ya basi nayo hawezi kuisoma.
Baba, Mwanza

JIBU: Hiyo 20:00 ndiyo iliyomdanganya. Ameifuta sifuri akapata 2, na kwa bahati ikawa ndiyo saa mbili usiku. Akaigeuza kuwa kanuni. Mpe 21:00 na 19:00 aone kwamba kufuta hakufai.

Kanuni yenyewe ni hii. Kuanzia 7 mpaka 18, toa 6: 10:00 ni saa nne asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Kuanzia 19 mpaka 23, toa 18: 21:00 ni saa tatu usiku. Kuanzia 00 mpaka 06, jumlisha 6: 00:00 ni saa sita usiku, 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane tungeiacha hesabu hii na kubaki na mishale.

Kwenye saa ya dijitali mfundishe pia kwamba kushoto kwa nukta mbili ni saa, kulia ni dakika, na dakika huandikwa kwa tarakimu mbili daima. Ndiyo maana 7:05 si hamsini. Baada ya 7:59 haiji 7:60.

Kwenye tiketi mfanyieni mazoezi mawili. La kwanza ni kutofautisha 06:00 na 12:00. Moja ni saa kumi na mbili asubuhi na nyingine ni saa sita mchana, lakini mwenye haraka akiona 12:00 huitamka "saa kumi na mbili" na kulikosa basi. La pili ni tarehe. Basi la tarehe 15 saa 00:30 linaondoka usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Anayekwenda stendi usiku wa tarehe 15 amechelewa siku nzima.

SWALI: Tunaishi Hamburg. Mwanangu amejifunza shuleni "halb acht", akaitafsiri "saa mbili na nusu".
Mama, Ujerumani

JIBU: Kijerumani kinataja saa inayokuja: "halb acht" ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, nayo kwa Kiswahili ni saa moja na nusu. Mtoto amegeuza nane kuwa mbili, hapo yuko sahihi, lakini amesahau kwamba Kiswahili kinataja saa iliyopita. Mzuieni kutafsiri neno kwa neno. Akisikia "halb acht", aweke mishale kwenye saa ya kadibodi kwanza, kisha aisome upya kwa Kiswahili kutoka kwenye uso wa saa. Na msimweleze kwa jua kuchomoza na kuzama. Huko mwezi wa Desemba giza huingia mapema alasiri, na mwezi wa Juni bado kweupe saa tatu usiku. Atumie mkabala: 7 na 1, 8 na 2.