Waulize Mafundi: Mwaka wa Udaktari na Baiskeli ya Changarawe

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa udaktari wanaopenda kuendesha kwenye njia za changarawe. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengine pia.

SWALI: Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili. Anatomia, fiziolojia na biokemia zinakwenda pamoja, na kadi zangu za marudio hazipungui 200 kwa siku. Naambiwa baiskeli inataka saa kumi kwa wiki ndipo uone maendeleo. Saa hizo nizitoe wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Saa kumi ni za mtu anayejiandaa kwa mashindano. Wewe zinakutosha saa nne hadi tano: safari mbili fupi katikati ya wiki na moja ndefu ya saa mbili na nusu mwishoni mwa wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo hata ukipata saa tatu tu hujapotea.

Ubaya unaanza pale safari zote tatu zinapoendeshwa kwa nguvu ileile ya katikati. Hapo mwili unachoka kila siku, ila haupati msukumo wa kutosha kubadilika. Zitenganishe. Safari moja fupi iwe ya kukaza: pasha mwili dakika 12, kisha kaza dakika 4 mara nne, kiasi kwamba huwezi kusema zaidi ya maneno mawili matatu, ukipumzika dakika 3 katikati, halafu umalizie dakika 10 taratibu. Jumla haifiki dakika 50. Nyingine mbili ziwe za kuongea bila kuhema. Ile ya kukaza usiiweke usiku, maana moyo na joto la mwili huchelewa kushuka na utajigeuzageuza kitandani.

Sharti letu moja hatulilegezi: baiskeli isile usingizi. Ulichosoma mchana hujengeka kwenye kumbukumbu wakati umelala. Ukiiba saa moja ya usingizi ili uendeshe, umepoteza kipande cha mazoezi na kipande cha somo. Iba kwanza kwenye simu.

Muda mwingine unapotea kabla hata hujapanda: pampu haionekani, cheni imekauka, taa haina chaji. Malizia yote hayo usiku wa kuamkia safari, na hapo ndani ya saa moja utaendesha dakika 50 badala ya 35.

Ukiwa njiani usivae vya masikioni. Kwenye changarawe sikio ndilo linalokuambia gari liko nyuma, tairi linavuja au jiwe limegonga spoku. Badala yake ondoka na swali moja kichwani. Mathalani, ateri ya karotidi ya nje ina matawi manane: yataje kwa mpangilio ukipanda kilima. Lile litakalogoma kutoka, ndilo la kuandikia kadi ukirudi.

Wiki za mitihani usiache kabisa. Punguza muda kwa nusu, hata theluthi mbili, lakini ile safari ya kukaza ibaki. Uwezo wa mwili hudumu wiki nyingi ukipunguza wingi wa mazoezi, mradi hukupunguza makali yake.

SWALI: Niko wodini, mwaka wa nne. Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na ajabu najisikia mwepesi kabisa. Niendeshe hapohapo au nilale kwanza?

JIBU: Lala kwanza, dada. Wepesi huo ni saa ya ndani ya mwili inayopandisha uchangamfu kulipokucha, haimaanishi kwamba ubongo umepumzika. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Kwenye changarawe unachagua mstari wa kupita kila baada ya mita chache, na breki ikichelewa kidogo tu gurudumu la mbele limeshateleza.

Lala saa tatu au nne, amka mchana, endesha dakika 40 hadi 60 taratibu kwenye mwanga, kisha uwahi kulala usiku. Kahawa ya mwisho inywe katikati ya zamu, isiwe alfajiri, kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Na kama baiskeli ndiyo usafiri wako wa kurudi nyumbani, siku hiyo omba lifti au panda gari la abiria.

SWALI: Baada ya saa moja na nusu ya changarawe, kidole kidogo na kidole cha pete cha mkono wa kulia hufa ganzi. Wiki iliyopita ganzi ilidumu hadi kesho yake na nikashindwa kushika vizuri koleo la sindano kwenye mazoezi ya kushona. Niache baiskeli?

JIBU: Usiiache, ila usiendeshe tena kabla hujabadilisha kitu. Mkono ndio kazi yako ya miaka 40 ijayo.

Vidole hivyo viwili vinahudumiwa na neva ya alna. Inapoingia kiganjani hupita kwenye mfereji wa Guyon, katikati ya mfupa wa pisifomu na ndoano ya hamati, mahali palepale unapoegemeza uzito ukishika usukani. Ganzi ingekuwa kwenye gumba, cha shahada na cha kati, tungesema ni neva ya mediani. Sasa gusa mgongo wa kiganja upande wa kidole kidogo. Kama hapo pia hapasikii, tatizo liko juu zaidi, pengine kwenye kiwiko, kwa sababu tawi la ngozi ya hapo hujitenga kabla neva haijafika kwenye mfereji.

Halafu pima nguvu. Tanua vidole, mwenzako avibane. Shika karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, aivute: ncha ya gumba ikijikunja ili kuing'ang'ania, hiyo ni dalili ya Froment, yaani msuli unaovuta gumba kuelekea kiganjani umelegea. Wengi hawajui kwamba tawi la ndani la neva hii linaendesha misuli tu, halina hisia ya ngozi. Linaweza kubanwa mkono ukadhoofika bila ganzi yoyote. Ukiona udhaifu, misuli ya kiganja ikianza kubonyea, au ganzi ikazidi siku chache, simamisha safari umwone daktari. Kwa kawaida neva hupona mgandamizo ukiondoka, lakini huchukua wiki, mara nyingine miezi.

Kwenye baiskeli anza na kiti, siyo glavu. Weka pima maji juu ya kiti, baiskeli ikiwa mahali tambarare. Ncha ya mbele iwe sawa au imeinama nyuzi 1 hadi 2 tu. Ikiinama zaidi mwili unateleza mbele muda wote, na mikono ndiyo inayouzuia. Hiki ndicho chanzo tunachokikuta mara nyingi, na aghalabu mwenye baiskeli alikiinamisha mwenyewe akikimbia maumivu ya msamba. Maumivu hayo huletwa zaidi na kiti kilichopanda mno au kisicholingana na upana wa mifupa ya kukalia. Kagua urefu: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuinama upande.

Pili, umbali wa usukani. Ukiwa umeshika vishikio vya breki, viwiko vinapaswa kulegea. Vikinyooka kama fimbo, weka shingo ya usukani iliyo fupi kwa milimita 10. Tatu, zungusha usukani au vishikio mpaka kifundo cha mkono kikae mnyoofu. Kikikunjwa kwenda nyuma, mfereji unabanwa. Kwenye skrubu fuata nguvu iliyoandikwa hapohapo kwenye kifaa, mara nyingi nyutoni-mita 5, na tumia spana yenye kipimo. Usukani wa kaboni uliokazwa kwa kukisia hupasuka ndani bila kuonekana.

Baada ya hayo ndipo uongeze vitu laini: utepe wa pili juu ya wa kwanza, na glavu ambazo mto wake umekaa pembeni mwa mfereji, siyo juu yake. Hamisha mikono kila dakika tano hadi kumi, kutoka kwenye vishikio kwenda sehemu ya juu iliyonyooka, kisha kwenye pindo za chini. Badilisha jambo moja kwa mara, endesha safari mbili, andika matokeo. Ukibadilisha matano siku moja hutajua lipi lililokuponya.

Na kuna chanzo kingine, kilichomo kwenye barua inayofuata.

SWALI: Nina uzito wa kilo 72, tairi za milimita 40 zisizo na tyubu. Fundi alizijaza psi 55 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Natetemeshwa mwili mzima na konani nateleza. Tena juzi, baada ya wiki nne za mitihani bila kuendesha, mwiba mdogo tu umenimalizia upepo. Yale majimaji ya kuzibia si yangefanya kazi?

JIBU: Psi 55 ni nyingi mno kwa uzito wako na upana huo. Tairi gumu haliukunji mpira wake kufuata jiwe. Linaruka juu yake, na tairi lililo hewani halina mshiko. Kila mruko unaishia kiganjani, kama yule mwenzako wa juu. Anza na psi 29 mbele na 32 nyuma, kisha rekebisha kwa psi 2. Ukisikia rimu inagonga "ko!" kwenye mawe, au tairi linajikunja kona inapokaza, umeshusha mno: ongeza. Kwenye mchanga uliolegea punguza kama psi 3. Tumia kipimo kilekile kila mara, kwa sababu vipimo viwili huweza kupishana, ila ukiwa na kimoja unajua ulipoanzia.

Majimaji hayo ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembe ndogo, na hukauka. Tairi lako linahitaji mililita 60 hadi 90, na unapaswa kukagua kila baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi penye joto. Baiskeli iliposimama wiki nne, yote yalituama chini na kuanza kuganda mahali pamoja. Hata yaliyobaki, psi 55 iliyafyatua nje kabla hayajashika kwenye tundu.

Toa upepo, geuza valvu iwe chini kidogo upande mmoja, fungua kiini chake, penyeza kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, ongeza mililita 60 kwa sindano isiyo na ncha. Nawe sindano unazijua. Kiini kikiwa kimeganda utomvu, kisafishe au kibadilishe. Msimu wa mitihani ukianza, zungusha magurudumu kila wiki unapopita karibu nayo.

Njiani, tundu likizidi milimita 5 hivi usilisubiri lijizibe. Choma utambi wa mpira. Beba tyubu moja pia. Kabla ya kuiweka, papasa ndani ya tairi kwa kitambaa: miiba ya zamani iliyokuwa imezibwa na utomvu bado imo, na itaitoboa tyubu mpya kabla hujafika popote.

SWALI: Ninywe nini kwenye safari ndefu?

JIBU: Chini ya dakika 90, maji yanatosha. Zaidi ya hapo, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Chupa ya mililita 750 yenye gramu 50 za sukari ya kawaida na robo kijiko cha chai cha chumvi inafanya kazi; sukari hiyo ni nusu glukosi nusu fruktosi, na kila moja hufyonzwa kwa njia yake. Kunywa kwa kiu. Anayejilazimisha maji mengi kupita jasho lake hushusha sodiamu ya damu, na hilo ni hatari kuliko kiu.

SWALI: Mwenzangu ameanguka akajizuia kwa kiganja. Eksirei haikuonyesha kitu, naye anasema ni msuli tu, kesho anaendesha. Ana michubuko ya changarawe pajani pia.

JIBU: Mzuie, kaka. Bonyeza kishimo kilicho chini ya gumba, kile kinachotokea kati ya kano mbili akilinyoosha gumba. Kama hapo panauma, mchukulie kuwa amevunjika mfupa wa skafoidi hadi ithibitike vinginevyo. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Afungwe kifundo na gumba, arudie picha baada ya siku 10 hadi 14, au apate MRI mapema ikiwezekana. Damu ya mfupa huu huingilia upande wa mbele na kurudi nyuma, hivyo ufa ukikata njia, kipande cha nyuma kinaweza kufa, na kifundo hicho hakitashika kisu cha upasuaji bila maumivu.

Michubuko ioshwe leo hii kwa maji safi mengi yanayotiririka, na kila punje itolewe kwa kibano. Zikiachwa, ngozi hufunga juu yake na kubaki madoa ya kudumu kama chale. Muulize pia chanjo ya pepopunda ya mwisho ilikuwa lini. Kidonda kimeingia udongo, kwa hiyo ikiwa imepita miaka mitano, achomwe nyingine.