Kumpa mwenye nyumba milioni 10 na kula kodi ya vyumba vyake mpaka arudishe: ni biashara au ni riba?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, nauza vitafunwa. Kwa miaka sita nimeweka akiba, nyingine ya mchezo, na sasa nina milioni 10. Nataka kuanza biashara ya vyumba vya kupangisha, lakini pesa hii haitoshi kununua kiwanja na kujenga. Jirani yetu, mzee mwenye nyumba yenye vyumba vinne vya uani, ana mtoto anayehitaji matibabu. Amesema nimkopeshe hiyo milioni 10, anipe vyumba vile rehani, nikusanye kodi mwenyewe mpaka siku atakayonirudishia pesa yangu yote. Kila chumba ni 70,000 kwa mwezi. Viwili vina wapangaji wa mzee, viwili viko wazi. Ustadhi mmoja ameniambia ni halali kwa sababu tumeridhiana, na kwamba wazee wa pwani walifanya hivyo. Mjomba wangu Tanga anayo ya namna hii: alitoa milioni 6, anapokea 150,000 kila mwezi, na sasa imetimia miaka minne. Nifanyeje? Na mjomba je?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, mwanamke anayekesha jikoni miaka sita akakusanya milioni 10, kisha akasita kuiweka mahali kabla ya kuuliza, anastahili jibu lisilo na mafumbo. Usiingie katika mkataba huo. Ni riba.

Sitakueleza ubaya wa riba, unaujua, ndiyo maana umeuliza. Wala rehani yenyewe haina neno. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki na deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya pishi 30 za shayiri. Rehani ni amana ya kumtuliza mkopeshaji moyo. Tatizo linaanza pale mkopeshaji anapoila.

Hebu tupige hesabu ambayo ustadhi hakukupigia. Vyumba vinne kwa 70,000 ni 280,000 kwa mwezi. Mwaka ni 3,360,000. Baada ya miaka minne utakuwa umepokea 13,440,000, na mzee bado anadaiwa milioni 10 ile ile, haijapungua hata shilingi. Mtu anayemuuguza mtoto, aliyenyang'anywa kodi iliyokuwa ikimlisha, ataitoa wapi milioni 10 kwa mkupuo? Hataitoa. Mkopo huo utamfia mikononi na vyumba vitabaki kwako. Ungeiona benki ikimfanyia hivyo ungemlilia.

Sasa hoja za ustadhi. Ya kwanza ni ridhaa. Nashangaa hoja hii bado inatembea. Riba yote ina ridhaa! Mkopaji wa riba hachukuliwi kwa pingu, anakwenda kwa miguu yake na kutia saini. Ridhaa inahalalisha zawadi na mauzo, haihalalishi ziada juu ya mkopo. Bukhari amepokea kwamba sahaba Abdullah bin Salaam alimwambia Abu Burda: uko katika nchi ambayo riba imeenea, basi ukiwa unamdai mtu akakupa zawadi ya mzigo wa majani makavu, au wa shayiri, au wa malisho, usichukue, hiyo ni riba. Majani ya mnyama, mwanangu, tena zawadi! Kodi ya vyumba vinne iliyoandikwa kwenye karatasi ya mkopo itakuwaje?

Ya pili hukuitaja, lakini najua itakuja, maana nimeisikia misikitini: hadithi kwamba mnyama wa rehani hupandwa na maziwa yake hunywewa kwa malipo ya matunzo yake. Hadithi ni sahihi. Lakini mnyama anakula kila siku, asipolishwa anakufa, na mwenye kumlisha ndiye aliyeruhusiwa. Vyumba vya uani vinakula nini? Imam Ahmad ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoichukua hadithi hii kwa dhahiri yake, ndiye huyo huyo ambaye Ibn Qudama, mwanazuoni wa madhehebu hayo, amemnukuu akisema kuhusu mkopo wa kuwekewa nyumba na mkopeshaji kuitumia kwamba hiyo ni riba tupu.

Ya tatu ndiyo nzito kidogo: wazee wa pwani. Ni kweli. Hadhramaut, huko Yemen, kulikuwa na muamala unaoitwa bai'ul uhda, mtu anauza nyumba au shamba kwa makubaliano kwamba akirudisha thamani atarudishiwa mali yake, na mnunuzi anakula mazao katika muda huo. Baadhi ya wanazuoni wa Kishafii wa zama za baadaye waliupitisha kwa haja ya watu, na masheikh wetu wengi wa pwani elimu yao imetoka huko. Siwatukani. Lakini hata hao waliweka sharti kwamba yawe mauzo, na ahadi ya kurudisha isiwe ndani ya mkataba. Makubaliano yenu wewe na mzee yanasema mkopo. Hakuna uuzaji hapo, kwa hiyo hata mlango wa uhda hamjaufikia. Na kwa maoni yangu mlango wenyewe haufai. Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi mbalimbali, ilipokutana Jidda mwaka 1992 iliamua kwamba muamala huo ni mkopo wenye kuvuta manufaa, na haijuzu.

Kuna pia wajanja wanaoshauri "mkate mzee elfu tano kila mwezi kwenye deni kama kodi, ujiite mpangaji". Elfu tano kwa vyumba vya 280,000! Mwenyezi Mungu hadanganywi kwa risiti.

Basi utaanzaje? Milioni 10 si ndogo kama unavyodhani, na mzee anaweza kupata matibabu ya mwanawe bila wewe kula haramu.

Mkodi vyumba. Mwambie mzee: sikukopeshi, nakodi vyumba vyako vya uani kwa miaka mitano, na kodi yote nakulipa leo, milioni 10. Hiyo ni ijara, yaani ukodishaji. Pesa imekwenda, hairudi, mzee hana deni na analala usingizi. Wewe unavipangisha kwa bei yako, na wanazuoni walio wengi wamekubali aliyekodi apangishe kwa zaidi ya alichotoa. Utasema, si ni kitu kile kile? Hapana. Hapa unabeba hatari. Chumba kikikaa wazi ni hasara yako. Nyumba ikianguka, mkataba wa muda uliobaki unavunjika na mzee anakurudishia sehemu ya muda huo tu. Mtume alisema faida huenda na dhamana. Paa na kuta ni juu ya mzee, kwa kuwa nyumba ni yake. Ijara haihamishi ukarabati mkubwa. Wale wapangaji wawili wana haki mpaka kodi waliyolipa iishe. Na kwa kuwa sisi Mashafii tuna maneno katika kukodi kitu kwa muda ujao, andikianeni sasa vile viwili vilivyo wazi, na viwili vingine siku vitakapokuwa huru, kila kimoja na bei yake.

Ila usizidishe kwa 12. Hesabu miezi 10 ya kodi kwa mwaka, ndiyo hali halisi ya mtu mwenye kuhamwa na kusubiri dalali. Ni 2,800,000 kwa mwaka, milioni 14 kwa miaka mitano. Toa rangi, makufuli, na gari la kunyonya choo. Uliza mita ya Luku ni ngapi. Vyumba vinne kwenye mita moja ni ugomvi kila jioni. Nenda ukavione wakati wa masika, usiende Januari. Ikiwa faida haikuridhishi, omba mwaka zaidi au acha.

Njia nyingine ni kununua sehemu. Nyumba nzima ikithaminiwa na watu waaminifu kuwa milioni 40, nunua robo yake kwa milioni 10. Robo ya kodi ni yako, robo ya ukarabati ni yako, na bei ikipanda au kushuka, mnapanda na kushuka wote. Lakini msiandikiane kwamba mzee atainunua tena kwa milioni 10 ile ile, maana mtakuwa mmerudi kwenye uhda kwa mlango wa nyuma.

Kabla ya lolote, jua nyumba ni ya nani. Nimeamua kesi nyingi za namna hii na nyingi zilianza hapa: mzee anauza, kumbe ni nyumba ya marehemu baba yao na ndugu watano hawajagawana. Muulize mbele ya nduguze. Na mkewe lazima ajue na aweke saini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na vyumba vya uani viko kwenye nyumba hiyo hiyo. Mwandikiane serikali ya mtaa, mashahidi wa pande zote.

Zaka ni fupi: vyumba havina zaka, kodi ikibaki kwako na kufika nisabu, yaani kiwango cha kuwajibisha zaka, na mwaka ukatimia, toa asilimia 2.5.

Mjomba. Alitoa milioni 6, amepokea 150,000 kwa miezi 48, ambayo ni 7,200,000. Kurani inasema mkitubu mnayo rasilimali yenu, msidhulumu wala msidhulumiwe. Rasilimali imekwisha kumrudia, kwa hiyo hadai kitu. Ni wajibu aachie vyumba leo. Ile 1,200,000 iliyozidi, wapo wanazuoni wasiomlazimisha kuirudisha aliyepokea kwa kufuata fatwa akiamini ni halali. Mimi namtakia airudishe, au aende akaombe asamehewe, na mwenyewe akisamehe imekwisha.

Usimpelekee majibu haya mbele ya wanawe wala usimsomee kwenye simu. Panda basi uende Tanga, mkae wawili, umwonyeshe hesabu tu kwa kalamu na karatasi. Akikasirika, mwambie anipigie mimi.

Wallahu aalam.